Uzi wa bekoni: mapishi rahisi ya nyumbani kwa tulioko Dodoma na Kanda ya Kati

#1 Fundi_Kikaango

Wakuu, salaam.

Nyuzi za kitimoto humu zimejaa, rosti, choma, na ndizi, kila kitu kipo. Bekoni inatajwa kwa kupita tu, na wengi wanaoitaja wanalalamika: ghali, ina chumvi, haishibishi. Yote matatu ni kweli kama unaila kama kitoweo. Mtu ananunua pakiti supamaketi, kwa hela ambayo buchani angepata kitimoto cha kulisha nyumba nzima, anaikaanga yote Jumapili asubuhi, inaliwa na mkate, imeisha. Halafu watu wana kiu mpaka jioni.

Msimamo wangu mimi ni huu: bekoni ni kiungo. Vipande vitatu vinne vinaunga sufuria zima la maharage au kabichi, na pakiti moja inakaa wiki mbili kwenye friza ukiigawa vizuri. Kinachofanya kazi ni yale mafuta yake, yameshashika chumvi na moshi, kwa hiyo chochote utakachokaangia humo kinapata ladha.

Tuanze na kikaango maana wengi wanakosea hapo. Usiweke bekoni kwenye frampeni ya moto. Nyama inajikunja na kuungua huku mafuta bado mabichi. Ikate vipande vya upana wa kidole, ipange frampeni ikiwa baridi kabisa, usitie tone la mafuta, washa moto mdogo. Mwanzoni huoni kitu, vumilia. Baadaye mafuta yanaanza kung'aa pembezoni na kuwa maangavu, unasikia inapiga kelele kwa sababu maji yanatoka. Kelele ikipungua na povu dogo dogo likaanza kujaa juu, ujue maji yameisha na sasa nyama inakauka kweli. Itoe kabla haijafika rangi unayoitaka, itajimalizia yenyewe kwenye sahani.

Sasa maharage, ndiyo pishi langu la kila wiki. Nusu kilo ya maharage, loweka usiku. Tulioko hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 hivi, kwa hiyo usishangae maharage yanachukua muda kuliko ulivyozoea Dar. Chemsha bila chumvi mpaka yaive kabisa. Kwenye sufuria jingine anza na bekoni, vipande vinne, moto mdogo kama nilivyosema. Itoe, iweke pembeni. Kwenye mafuta yaliyobaki tia kitunguu maji kilichokatwa; maji ya kitunguu ndiyo yatakayobandua ile rangi ya kahawia iliyogandia chini, isugue kwa mwiko, utamu wote uko pale. Karoti, nyanya mbili, kitunguu saumu mwishoni. Nyanya zikilainika mimina maharage na supu yake, acha yachemke taratibu dakika 15 au 20, ponda machache ili mchuzi uwe mzito. Rudisha bekoni dakika za mwisho. Onja NDIPO utie chumvi. Mara nyingi haitahitajika.

Leteni na ya kwenu.

#2 Kigoda_cha_Nyuma

Nimeshakaa mkuu, nasubiri wajuzi.

#3 Mama_Wawili_Kisasa

Asante kaka kwa uzi. Swali: bekoni ninayonunua inatoa maji meupe na povu mpaka inachemka badala ya kukaangika. Ni mbovu au ndiyo ilivyo?

#4 Fundi_Kikaango

*Mama_Wawili_Kisasa alisema: inatoa maji meupe na povu*

Dada, si mbovu. Bekoni nyingi za viwandani hazilazwi kwenye chumvi kavu siku nyingi kama zamani, zinachomwa sindano za maji ya chumvi ili ziive haraka na zipate uzito. Unalipia maji hapo. Hayo meupe ni maji pamoja na protini ya nyama. Acha yachemke yaishe yenyewe kwa moto mdogo, au yamwage kidogo kidogo huku umezuia nyama kwa mwiko. Angalia pia pakiti: yenye mistari ya mafuta na nyama kwa kupishana imetoka tumboni, inatoa mafuta mengi, ndiyo inayofaa kwa kuungia. Ile ya mviringo yenye mafuta ukingoni tu imetoka mgongoni, hiyo ni ya kula na mayai, ukiiungia maharage utaongeza mafuta ya alizeti.

#5 Hosteli_Block_Tatu

Wakuu mimi ni mwanachuo, nimepanga huku Ng'ong'ona, nina jiko la gesi la plate moja na sufuria mbili. Nipeni kitu cha haraka kisichotaka oveni wala blenda.

#6 Bint_Chamwino

Mdogo wangu, tambi. Chemsha tambi zako kwenye sufuria moja, chumvi kidogo sana. Kabla hujazimwaga, toa kikombe kimoja cha yale maji yake uweke pembeni, usisahau. Funika tambi, weka sufuria la pili jikoni, kaanga bekoni vipande vitatu mpaka ikauke. ZIMA MOTO. Tia tambi humo kwenye mafuta, zigeuze. Mayai mawili uliyopiga na pilipili manga nyingi mimina juu huku unageuza bila kusimama, unaongeza yale maji ya tambi kidogo kidogo. Joto la tambi linaivisha yai linakuwa rojo, linashika kila uzi. Moto ukiwa unawaka utapata mayai ya kuvuruga, siyo rojo.

Watu wa Roma wanaita carbonara, wao wanatumia nyama ya shavu la nguruwe na jibini ya maziwa ya kondoo, na krimu hawatii kabisa. Wewe jibini ukiwa nayo ikwangue, huna basi. Kama mayai huyaamini rudisha kwenye moto mdogo dakika moja, rojo itakuwa nzito kidogo lakini utalala salama.

#7 Hosteli_Block_Tatu

Nashukuru sana dada. Leo leo.

#8 Chips_Dume

Mmesahau chipsi mayai? Kaanga bekoni, itoe, punguza mafuta yabaki ya kulowesha frampeni tu. Chipsi zilizokwisha kuiva ndani, bekoni juu yake, mayai matatu yasiyo na chumvi, hoho ukipenda. Funika, moto mdogo, geuza kwa sahani. Kachumbari yenye ndimu pembeni ni lazima, bila kitu kikali utakinai katikati ya sahani. Zege la hivi wauza chipsi wakiliweka kwenye menyu mjini hapa wengine tutafilisika.

#9 Mpitaji_Mpole

Sisi wengine humu tunapita tu, kwetu ni haramu, lakini nimesoma mpaka hapa kwa sababu mnaandika vizuri. Nina mawili.

La kwanza ni ombi. Nyumba zetu nyingi Nkuhungu, Chang'ombe, Ipagala ni za kupanga, jiko moja wapangaji watano. Mkila kuleni, hakuna mwenye neno, ila frampeni ya jirani msiichukue "mara moja tu". Hata ikioshwa vipi, mwenyewe akijua hataitumia tena, na ataona aibu kukwambia.

La pili, nimeona inauzwa bekoni ya ng'ombe. Inapikwaje? Niliyojaribu ilikuwa ngumu kama kiatu.

#10 Mpangaji_Ipagala

*Mpitaji_Mpole alisema: frampeni ya jirani msiichukue*

Ustaadhi umesema la maana. Kwetu tuna majirani Waislamu, na kuna familia ya Wasabato ambao nao hawagusi. Mimi nina frampeni yangu, mwiko wangu, ubao wangu wa kukatia na hata dodoki la kuoshea vyombo, vyote vinalala chumbani kwangu. Watu wanakumbuka frampeni, wanasahau dodoki na ubao, na ndivyo vinavyobeba mafuta. Nikikaanga natumia jiko la mkaa nje upande usioelekea madirishani, na mafuta siyamwagi kwenye karo la pamoja. Mwezi wa Ramadhani napika nyakati zao za kula, siyo saa kumi jioni mtu amefunga halafu namjazia harufu.

#11 Fundi_Kikaango

Mpitaji_Mpole karibu sana, uzi ni wa wote. Bekoni ya ng'ombe ukiipika kwa namna ya nguruwe itakuwa ngumu kweli, kwa sababu haina mafuta mengi ya kujitoa. Tia kijiko cha mafuta ya alizeti kwanza, moto wa wastani, muda mfupi, itoe ikiwa bado inapinda. Kwenye maharage iache ichemke nayo tangu nyanya zinapoiva, italainika. Kisha hakikisha pakiti ina alama ya halali, maana kuandikwa ng'ombe peke yake hakukwambii imechinjwaje. Mkoa huu wa wafugaji, nyama ya ng'ombe ndiyo isiyotusumbua.

#12 Mzee_wa_Mpwapwa

Vijana hamjambo. Nasoma hapa maharage, tambi, chipsi. Hakuna aliyetaja ugali wa uwele? Mnaishi Ugogo mnapika kama mko ng'ambo.

#13 Bint_Chamwino

Shikamoo mzee. Mlenda na bekoni vinaenda?

#14 Mzee_wa_Mpwapwa

Marahaba mwanangu. Haviendi! Mlenda una karanga zake, una nyanya, una magadi kidogo, umetimia. Ukitia mafuta ya nguruwe unaharibu ule mteremko wake. Kitu kinachofaa na bekoni ni majani ya kunde au mchicha wa kukaanga, ukala na ugali wa mtama au uwele. Mlenda uachwe ulivyo.

#15 Chips_Dume

Mzee shikamoo, kwa heshima zote, mimi nimeshaonja bekoni iliyokauka ikapondwapondwa ikanyunyiziwa JUU ya mlenda mezani. Haijapikwa nao. Ni habari nyingine.

#16 Mzee_wa_Mpwapwa

Hiyo ni ya kwako na dhamiri yako.

#17 Fundi_Kikaango

Hahaha. Hapa mimi niko na mzee. Ndani ya mlenda bekoni inalowa sekunde hiyo hiyo, faida ya kuikausha imekufa, na ya juu inabaki kavu kwa tonge mbili tu. Mchicha sawa kabisa: mafuta ya bekoni kijiko kimoja, kitunguu, mchicha uliokatwa na kukamuliwa maji, moto mkali, dakika tatu, bekoni juu. Usifunike utapoteza rangi.

Kabichi pia, na hapa nina la kwetu: tuna zabibu na waini jirani. Kaanga bekoni, toa, tia kitunguu, mwagia waini kavu ya Dodoma robo kikombe, ukwangue chini ya sufuria mpaka ile harufu kali ya kilevi iondoke, ndipo kabichi iliyokatwa nyembamba iingie. Ile tamu usitumie, kabichi yenyewe ina utamu wake. Mashamba ya zabibu hapa yanavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo msimu ukiwepo unaweza kutupia punje chache zilizopasuliwa dakika ya mwisho. Wengine wataguna, jaribuni kwanza.

#18 Afya_Kwanza_Dom

Sitaki kuharibu karamu, ila lazima lisemwe. Mwaka 2015 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani, IARC, kiliweka nyama za kusindikwa, bekoni ikiwemo, kwenye kundi la vitu vyenye ushahidi wa kutosha kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya utumbo mpana. Makadirio yao: kila gramu 50 zinazoliwa KILA SIKU zinaongeza hatari hiyo kwa asilimia 18. Watu wanaosoma vichwa vya habari wanasema "sawa na sigara". Hapana. Kundi ni moja kwa sababu ushahidi una uhakika, ukubwa wa hatari ni tofauti kabisa. Mwenye presha naye aangalie chumvi. Huu mtindo wa mleta uzi wa vipande vinne kwa sufuria la watu sita una afadhali kubwa kuliko pakiti ya asubuhi.

#19 Mama_Wawili_Kisasa

Asante daktari. Je, nikitengeneza mwenyewe nyumbani kwa kitimoto cha buchani? Nimeona watu mtandaoni wanatia chumvi tu.

#20 Mkaguzi_Mstaafu

Inawezekana, lakini uanze na nyama iliyokaguliwa. Tafuta muhuri. Mkoa huu nguruwe wengi vijijini wanazurura, na nguruwe anayezurura palipo na vyoo vibovu anapata tegu. Ukikuta kwenye msuli vifuko vidogo vyeupe, ukubwa wa punje, usinunue hata upewe bei ya bure. Nyama hiyo isipoiva vizuri inakupa minyoo tumboni, kisha mayai ya huyo mnyoo yanayotoka kwa choo cha mtu yakiingia mdomoni kwa mikono michafu au mboga, viluwiluwi vinakwenda mpaka kwenye ubongo na kuleta kifafa. Chumvi ya nyumbani usiitegemee kumaliza hilo. Moto ndio unaomaliza, kwa hiyo bekoni yako ikaange mpaka iive kabisa, hakuna cha kula nusu mbichi.

Homa ya nguruwe ya Afrika yenyewe haimpati binadamu, ila ikiingia wilayani wanafunga usafirishaji wa nguruwe na nyama yake. Kipindi hicho ukiona nyama inauzwa kwa bei ya kutupa uchochoroni, pita mbali. Unaweza kuwa unasambaza ugonjwa kwa mabaki ya jikoni ukimpa nguruwe wa jirani.

#21 Mama_Kongwa

Mama Wawili, mimi nafanya hivi, na nyumbani hatununui tena ya pakiti. Buchani usimwambie muuzaji "bekoni", hatakuelewa. Mwambie akukatie tumbo, kipande kimoja kizima, atoe mifupa, mafuta na nyama asivitenganishe. Ngozi mwambie aitoe, au utoe mwenyewe kwa kisu kikali.

Kilo moja ya nyama: chumvi laini gramu 25 hadi 30, ni kijiko cha mezani kimoja na nusu cha kusawazisha. Sukari kijiko kimoja. Pilipili manga iliyotwangwa, kitunguu saumu ukipenda. Paka pande zote na mikunjo yote, usiache pembe. Tia kwenye mfuko wa plastiki safi unaofungika, toa hewa, weka friji sehemu ya chini kabisa kwenye chombo, isidondokee vitu vingine. Kila siku igeuze. Itatoa maji, usiyamwage, ndiyo yanayoendelea kuingiza chumvi. Siku ya tano mpaka ya saba nyama inakuwa imekaza, ukiibonyeza hairudi kirahisi kama mbichi. Ioshe haraka, ikaushe kwa kitambaa safi, iache wazi kwenye friji usiku mmoja juu ya waya.

Kuikata nyembamba kwa kisu cha kawaida ni shughuli. Iweke friza mpaka ikaze nusu, siyo kuganda kabisa, hapo inakatika vizuri. Funga vipande vinne vinne kwenye karatasi, rudisha friza. Ya friji iliwe ndani ya wiki.

Haitakuwa nyekundu. Ukiikaanga inakuwa ya kijivu kahawia kama kitimoto chochote, na harufu ya moshi haina. Mimi naikaangia na pilipili ya kuchoma na hakuna anayeuliza moshi uko wapi.

#22 Chips_Dume

Mama shikamoo. Ile rangi nyekundu si wanatia chumvi ya pinki? Nimeiona dukani, ile ya Himalaya.

#23 Mkaguzi_Mstaafu

SIYO hiyo, na hapa watu wanaweza kuumia. Ya Himalaya ni chumvi ya kula tu, rangi ni madini yake. Wanayotumia wasindikaji ina nitraiti ya sodiamu, nayo hupakwa rangi ya pinki makusudi ili isichanganywe na ya mezani. Nitraiti ndiyo inayobakiza wekundu na kuzuia bakteria wa sumu ya botulini, ila ikizidi yenyewe ni sumu. Kama huna mizani ya gramu na hujafundishwa, achana nayo, fuata ya Mama Kongwa: chumvi ya kawaida, friji muda wote, kisha moto. Na kwa sababu haina nitraiti, usiifukize moshi wa baridi kwa masaa ili kuiga ya kiwandani. Joto lile la vuguvugu ndilo bakteria wanalolitaka.

#24 Mama_Wawili_Kisasa

Nimeelewa wote, Mungu awabariki. La mwisho: umeme ukikatika nyama ikiwa siku ya tatu kwenye chumvi?

#25 Mama_Kongwa

Usifungue mlango. Friji iliyofungwa inashika ubaridi kama masaa manne. Umeme ukirudi ndani ya hapo endelea, hakuna tatizo. Ukipita hapo na joto letu hili, usisubiri siku ya saba: itoe, ioshe, ichemshe au uikaange yote siku hiyo hiyo, itakuwa kitimoto chenye chumvi kizuri tu cha kula na ndizi. Ikiwa imeshaanza kuteleza au kunuka, tupa. Friza ni afadhali, iliyojaa inaweza kwenda siku mbili ikiwa haijafunguliwa, iliyo nusu siku moja. Ndiyo maana nyama yangu mimi naianza Jumatatu baada ya kununua umeme wa LUKU wa kutosha wiki nzima, mwenye kukatika iwe wao, isiwe mimi.

#26 Fundi_Kikaango

Mama Kongwa, tumbo hilo unapata bucha za Kongwa mjini au unafuata Kibaigwa?

#27 Mama_Kongwa

Kibaigwa, asubuhi mapema. Ukifika saa nne watu wa rosti wameshalibeba.